Tirofuskari

Wiki ile santuri ilipofika kutoka Ulaya, Ariovaldo alitabasamu kwa meno yote, yakiwamo yale ya kununua. Aliiweka mezani, akaipangusa kwa pindo la shati, akaigeuza, akaigeuza tena, kisha akamwita mleta barua arudi aione. Jaladani palikuwa na picha ya vijana watano wenye nywele timtim na suruali za kufagia barabara, na juu yao jina ambalo dunia nzima ilikuwa imelisahau isipokuwa yeye: Bagre Elétrico. Kambare wa Umeme.

Hiyo ndiyo bendi iliyopiga jazi na fanki katika madansi ya vitongoji vya kaskazini mwa Rio mwaka 1975. Ilirekodi mkanda mmoja tu, sebuleni kwa Ariovaldo, au Ari kama wote wanavyomwita, huko Marechal Hermes, ikaupeleka kwa kila kampuni ya muziki mjini, ikafukuzwa na kila kampuni ya muziki mjini, halafu ikafa kifo cha kawaida cha bendi. Mpiga besi alioa, mpiga tarumbeta akaokoka, mpiga gitaa akaenda São Paulo kuuza bima. Wakabaki wawili, Ari wa kinanda na Genésio wa ngoma. Tangu hapo Ari alipiga harusini, akapiga kanisani, na mara moja akapiga kwenye ufunguzi wa duka la makochi, ambako aliombwa apunguze sauti ili wateja wasikie bei.

Mkanda wenyewe aliuokota Mdenmaki mmoja aitwaye Torben, mrefu, aliyeiva kwa jua kama kamba wa kuchemsha. Aliukuta kwenye soko la mitumba ndani ya boksi la viatu, akaenda nao kwao, akausikiliza, akalia. Watu wa namna yake hulia upesi wakisikia kitu cha zamani chenye kelele. Akautoa kama santuri, na magazeti ya Ulaya yakaandika kwamba hazina imefukuliwa. Magazeti ya Rio nayo, yaliyokuwa yamelala juu ya hazina hiyo kwa miaka hamsini, yakazinduka na kunakili. Ndivyo tulivyo: binti yetu hatumwoni mzuri mpaka posa itoke mbali.

Basi Ari alikuwa na haki ya kutabasamu. Lakini alipoanza kuyasoma yale magazeti, tabasamu lilinywea. Kuhusu kinanda chake aliona sentensi moja tu, nayo ilisema kwamba kinanda kinasikika. Maneno mengine yote yalihusu sauti.

Ilikuwa kwenye wimbo wa tatu. Muziki umepamba moto, tarumbeta imepanda, mara sauti ya mwanamke inatokea mbali, kama nyuma ya ukuta, kali, imejaa ghadhabu: "Tirofuskari!" Inarudia mara ya pili, kali zaidi. Mara ya tatu bendi nzima inasita nusu pumzi, kisha inaingia kwa kishindo kinachomwinua mtu kitini. Torben aliupa wimbo jina hilo, akaipa santuri nzima jina hilo. Akamlipa Profesa Leopoldo, msomi wa upande wa pwani wanakokaa wenye nazo, aandike maelezo ya nyuma ya jalada. Profesa akathibitisha kwamba Tirofuskari ni neno takatifu la ibada lililovuka bahari pamoja na mababu, na kwamba maana yake ni "fungua njia".

Mtoto wa chekechea pale Marechal Hermes angemwokoa. Tira ni ondoa. Fusca ni kile kigari cha mgongo wa kobe. Ari ni Ari. "Tira o Fusca, Ari!" Lakini mtoto wa chekechea hakuulizwa, na profesa alikuwa amelipwa ili asikie zaidi ya kilichosemwa. Cha kuchekesha ni kwamba kwenye maana alikosea kidogo tu.

Kwani njia kweli ilikuwa imefungwa. Ari anakaa kwenye uchochoro wa nyumba sita zenye geti moja, na mwaka ule wa 1975 alikuwa ameegesha Fusca yake ya bluu mbele kabisa ya mlango wa Jandira, binti wa nyumba ya pili. Jandira alikuwa ameomba kuimba kwenye bendi. Ari alimsikiliza siku moja, akamwambia hana sauti. Jandira akamwambia basi aondoe gari lake mlangoni. Naye Ari, mbele ya bendi nzima, akajibu, "Siku utakayojua kuimba ndiyo siku nitakayoliondoa." Wanaume wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mwaka uliofuata injini ilikufa, na gari likabaki palepale. Magurudumu yakalala, paka wakazalia kwenye kiti cha nyuma, mpesheni ukatambaa mpaka kwenye kioo. Jandira alipoolewa alitoka ubavu ubavu, gauni limeshikwa juu na mashangazi wanne. Friji lake liliingia kwa kupitishwa juu ya ukuta. Mumewe alipofariki, jeneza lilipitishwa juu ya paa la Fusca, na Ari mwenyewe alisaidia kulinyanyua, akalia kwa dhati, akatoa pole kwa dhati, wala hakuliondoa gari. Kila asubuhi ya Mungu Jandira alifungua mlango kadiri ulivyofunguka, akapiga ukelele wake uleule ulionaswa na mkanda, akaenda zake. Watu wa uchochoroni walijua saa kwa ukelele huo.

Sasa mtangazaji wa redio alimpigia Ari simu na kumuuliza, hewani, yule mwimbaji wa ajabu ni nani. Ari alikuwa ametarajia kuulizwa kuhusu kinanda. Kijicho kikamkaba.

"Alikuwa mama mmoja wa ibada kutoka Bahia," akasema kwa sauti ya huzuni. "Alitokea tu siku ile, akaimba, akaenda zake. Ameshafariki, Mungu amrehemu."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kuliko zote, maana nyumba ya pili redio ilikuwa wazi na mwenye nyumba alikuwa akichambua maharage. Asubuhi yake, Ari alipotoka kununua mkate, alimkuta Jandira ameegemea paa la Fusca kwa viwiko viwili. Kwetu Seu ni Bwana na Dona ni Bibi, na heshima hiyo haikosekani hata kwenye ugomvi.

"Seu Ari, habari za msiba?"

"Msiba gani, Dona Jandira?"

"Wangu. Nimesikia redioni nimefariki. Nikasema niulize nilizikwa lini, maana sijaona hata mtu mmoja aliyeniletea kahawa."

"Ah, ile ilikuwa namna ya kusema tu."

"Namna ya kusema! Na Bahia nimekwenda lini mimi? Mimi hata Niterói, hapo ng'ambo tu, naiona safari."

"Mambo ya redio, Dona Jandira. Wanataka hadithi."

"Hadithi nitakupa mimi. Tira o Fusca, Ari!"

Ari akashika njia ya duka la mikate akijifanya hakusikia, kazi aliyoifanya kwa nusu karne na kuifahamu kuliko kinanda.

Mwezi uliofuata Torben alikuja Rio na habari ya kumtoa mtu roho. Kuna ukumbi mkubwa karibu na Lapa, Jumapili alasiri, tiketi zimeshaanza kugombaniwa. Kambare wa Umeme watapanda jukwaani tena. Ari alikuwa na miaka sabini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kulipa kiingilio ili amsikilize yeye. Walilipia bibi harusi, walilipia pilau, walilipia wokovu. Alitaka alasiri moja tu ambayo watu wangekaa kimya kwa ajili ya vidole vyake, kisha hata akifa kesho yake, na afe.

"Ila kuna jambo, Maestro," Torben akasema kwa Kireno chake alichojifunza kwenye nyimbo, ambacho kilimfanya aonekane anamtongoza kila anayezungumza naye. "Wenye ukumbi wanataka ile sauti. Bila sauti, hakuna onyesho."

Wakamjaribu, sebuleni kwa Ari, mwimbaji aliyesomea chuo cha muziki. Alivuta pumzi ya tumboni, akafumba macho, akaliimba Tirofuskari kwa mtetemo mzuri sana, kama anayetangaza kifo cha malkia. Wakamjaribu wa pili, naye akaja na manyoya kichwani. Baada ya wa tatu, Genésio aliweka fimbo zake za ngoma chini.

"We Ari, mpaka lini? Huyo marehemu wako anakaanga vitunguu hapo nje, mimi nasikia harufu."

"Nyamaza, Genésio."

"Marehemu gani?" Torben akauliza.

Akaambiwa. Kwa muda mrefu Mdenmaki alitazama nje dirishani, akaitazama Fusca, akamtazama Ari, akaitazama Fusca tena. Wote wawili walitarajia akasirike. Badala yake akafuta machozi na kusema kwamba hii ni nzuri zaidi, ila wasimwambie profesa.

Hivyo Ari alikwenda nyumba ya pili kubisha hodi, kwa mara ya kwanza tangu msiba wa mumewe Jandira. Alipita ubavu kati ya gari na ukuta, tumbo likakwama, akasukuma, kifungo kikaruka. Jandira alimtazama akihangaika na hakumsaidia.

"Karibu, Seu Ari. Umeona panavyopitika vizuri?"

Akampa kahawa, naye akaeleza: ukumbi, tiketi, Torben, sauti.

"Yaani mimi niimbe," Jandira akasema.

"Si kuimba hasa. Upige tu ule ukelele wako."

"Gazeti limesema ni kuimba. Nimelisoma. Limesema ni sauti inayoweza kuamsha mawe."

"Magazeti bwana, yanatia chumvi."

"Uliniahidi mbele ya watu, Seu Ari. Siku nitakayojua kuimba, gari linaondoka. Sasa dunia imesema najua. Ondoa gari, nami naimba. Hilo tu, sitaki hata senti."

Ari akasema sawa. Alisema sawa kwa haraka, maana tiketi zilikuwa zinagombaniwa.

Mazoezi yalifanyika sebuleni kwake, palepale pa zamani. Jandira alisimama dirishani. Kwanza alikohoa, akacheka kwa haya. Muziki ukaanza, akageuza uso nje, macho yakatua kwenye ule mgongo wa bluu uliobambuka rangi, na mishipa ya shingo ikamsimama. Akaupiga ule ukelele. Genésio aliangusha fimbo. Mbwa wa nyumba ya tano alijibu. Torben alilia, lakini huyo tulishamzoea.

Jandira alipoondoka, Ari alibaki akikuna kidevu.

"Umeona alikuwa anatazama nini?" akamuuliza Genésio.

"Nimeona. Na mimi ningepiga kelele."

"Nikiliondoa, hasira ataitoa wapi? Atapanda pale jukwaani ameridhika, anatabasamu. Nani atalipa kiingilio kumwona mwanamke aliyeridhika?"

"Ari, ulimwahidi."

"Nitaliondoa. Baada ya onyesho."

"We mshenzi."

"Mimi ni mwanamuziki."

"Si ndicho nilichosema?"

Ari akamwendea Jandira na uso wa toba. Gari la kuvuta halikupatikana wiki hii, akasema, mafundi hawa unawajua, lakini Jumatatu, siku moja tu baada ya onyesho, haki ya Mungu. Alijiandaa kwa mvua ya matusi. Jandira akasema, "Haya, Seu Ari. Tumesubiri mengi," akarudi kwenye maharage yake. Mtu mwenye akili angeogopa. Ari alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Jumapili walichukuliwa asubuhi, yeye na Genésio, kwenda kufunga vyombo. Ukumbi ulijaa kabla ya wakati. Walikuja vijana wenye masharubu ya babu zao, wakiwa na mifuko ya nguo ya kubebea santuri. Walikuja watu wa magazeti. Profesa Leopoldo alikaa mstari wa mbele na kalamu mkononi. Jandira alifika mwisho, amevaa gauni la kijani la kwaya na hereni kubwa.

"Umependeza, Dona Jandira," Ari akasema.

"Nimetoka mlangoni moja kwa moja, Seu Ari, kifua mbele. Gauni halikukunjika hata kidogo."

Ari alikuwa anahangaika na nyaya za kinanda chake. Maneno yalimpita.

Walianza. Nyimbo mbili za kwanza zilikwenda vizuri, watu wakatingisha vichwa kwa adabu, na Ari akapata alichokitaka: dakika kadhaa za kimya kwa ajili ya vidole vyake. Vilikuwa vidole vizuri. Tusimdhulumu, kinanda alikijua. Kisha ukaja wimbo wa tatu, na ukumbi mzima ukasogea ukingoni mwa viti. Tarumbeta ya kijana wa kukodi ikapanda. Jandira akasogea kwenye maiki, akafungua mdomo.

Akaimba. Maneno yalikuwa yaleyale, lakini aliyavuta taratibu, akayapandisha, akayalaza, laini kama anayembembeleza mtoto. Ilikuwa sauti nzuri. Ilikuwa sauti nzuri sana, hata hapo uzeeni, na Ari alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni, maana hakuwa anaisikia kwa mara ya kwanza. Aliisikia mwaka 1975, akaelewa kwamba siku atakayoimba huyu, hakuna atakayemtazama mpiga kinanda.

Watazamaji walikodoa macho. Profesa aliacha kuandika. Vijana wa masharubu waliulizana kwa nyusi.

"Kali!" Ari akanong'ona kwa nguvu. "Iwe kali!"

"Kali ya nini, Seu Ari?" Jandira akasema, na maiki ikampelekea kila mtu. "Mimi nimeshasamehe. Gari si limeondoka?"

"Limeondoka wapi?"

"Mpwa wangu Edmilson ana gari la kuvuta. Kaja mchana, dakika chache tu, limekwenda. Miaka hamsini mnasema halivutiki!"

Ari alisimama. Aliacha kinanda, akakimbilia mbele ya jukwaa, akaikamata maiki ya Jandira kwa mikono miwili, na kwa sauti ambayo hakuna harusi wala kanisa lililowahi kuisikia akanguruma: "Cadê meu Fusca?" Fusca yangu iko wapi!

Ukumbi ukalipuka. "Kademefuska!" wakaitikia wale wa mbele. Genésio, ambaye hajawahi kuacha mdundo upotee bure, akaingia na ngoma. Ari akanguruma tena, kwa hasira ya kweli. Jandira akamjibu kwa ile sauti yake tamu, akipita juu yake, chini yake, akimzunguka: tira o Fusca, Ari. Yeye anauliza, yule anaimba. Watu walipanda juu ya viti. Kalamu ya profesa ilikimbia. Wimbo ukaenda hivyo mpaka wote wakaloa jasho, na kwa muda wote huo kinanda kilikaa peke yake gizani, hakipigwi, na katika ukumbi mzima hapakuwa na mtu hata mmoja aliyegundua.

Nyuma ya pazia Torben alimkumbatia Ari mpaka akamwinua.

"Maestro! Sauti yako! Ulikuwa umeificha wapi? Tumerekodi yote, tunatoa santuri mpya, Kademefuska! Wewe na Dona Jandira!"

"Na kinanda?" Ari akauliza. "Kile cha nyimbo mbili za kwanza, kimetoka vizuri?"

Torben akashusha macho kwa upole, kama daktari.

"Kinafunika sauti kidogo, Maestro. Tutakiondoa."

Alikuwa amesema kwa Kireno, na kwa Kireno neno ni lilelile moja. Tira.

Ari hakutaka kupelekwa kwa gari. Alipanda treni, akashuka Marechal Hermes jua bado likiwaka juu ya mabati, akaingia kwenye geti. Mlango wa Jandira ulikuwa wazi mbao zote mbili, kitu ambacho mtoto yeyote wa uchochoro ule alikuwa hajawahi kukiona. Meza ilikuwa imetolewa nje, kwenye mraba wa saruji nyeupe ambayo haikuwa imeona jua tangu enzi za utawala wa wanajeshi. Majirani walikuwa wanakula keki ya mahindi. Jandira, aliyetangulia kufika, bado na gauni lake la kijani, alikuwa anakata vipande na kuimba chinichini.

Na Fusca ilikuwepo. Haikuuzwa wala kukatwakatwa, Jandira si mwizi. Edmilson alikuwa ameivuta hatua chache tu na kuibana vizuri, na mpesheni wake na paka wake, mbele ya mlango wa Ari.

Alijaribu kupita ubavu. Bega likaingia, tumbo likakataa. Akajaribu upande wa pili, kioo cha pembeni kikamchoma mbavu. Majirani waliacha kutafuna. Kifungo cha pili kiliruka, na hapo Ariovaldo, nyota mpya wa muziki duniani, akageuza shingo na kupaza sauti yote iliyombakia:

"Ondoa Fusca, Jandira!"

Jandira akalamba kisu cha keki, bila haraka.

"Siku utakayojua kupiga kinanda, Seu Ari."